Nani Anajua, Nani Hajui: Namna ya Kuipima Filamu ya Mapenzi ya Kisayansi Kabla ya Kuwaonyesha Watoto

Kila Ijumaa baada ya Isha, kiwanda (ua wa ndani) cha nyumba yetu ya Mkomani, mjini Lamu, hugeuka ukumbi mdogo wa sinema. Shuka jeupe hutundikwa ukutani, mikeka hutandikwa, projekta huwekwa juu ya mtungi uliofunikwa kwa sinia, na watoto wa ndugu zangu, wa miaka saba hadi kumi na sita, huketi kwa mpangilio wanaoujua wao wenyewe. Kazi ya kuchagua filamu ni yangu. Katuni hazinisumbui, na filamu za vita hujitambulisha kwa mlio wa kwanza wa bunduki. Zinazonipa kazi ni filamu za mapenzi zilizojengwa juu ya bunilizi ya kisayansi, ambazo ndani yake watu hufutwa kumbukumbu, hulazwa usingizi wa miaka mia katika vyombo vya anga, au humpenda mtu asiye na mwili. Filamu za namna hii huwa tulivu, hazina damu nyingi, na picha zake ni nzuri, kwa hiyo mzazi huziona salama. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mzazi, shangazi, halati (dada wa mama), ami au dada mkubwa anayetaka kujua aipime vipi filamu kama hiyo kabla ya kuiweka mbele ya mtoto.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi hii.

Niliwahi kuwawekea watoto filamu ya Passengers ya mwaka 2016. Ilinakiliwa kwenye flashi katika duka moja, sikuitazama kwanza, na nilitegemea alama ya Marekani ya PG-13, ambayo huwatahadharisha wazazi kwamba baadhi ya mambo huenda yasiwafae watoto walio chini ya miaka 13. Nilisikia kwamba ina sehemu za faragha, nikaketi na rimoti mkononi. Kila wahusika walipokaribiana niliirusha filamu mbele, watoto wakacheka, nami nikajiona nimeilinda amana niliyopewa.

Hadithi yake ni hii. Chombo cha anga kinawasafirisha abiria 5,000 kuelekea sayari ya mbali, safari ya miaka 120, na abiria wote wamelazwa katika vijumba vya kioo ili wasizeeke. Baada ya miaka 30 hitilafu inamwamsha fundi mmoja peke yake. Miaka 90 imebaki, hawezi kurudi usingizini, na mwenzake wa pekee ni roboti anayehudumu katika baa. Anakaa hivyo kwa mwaka mmoja. Kisha anamwona mwanamke aliyelala, mwandishi, anasoma maandishi yake, anatazama mahojiano yake, anampenda, na hatimaye anakifungua kijumba chake kwa makusudi. Mwanamke anapoamka anaambiwa kuwa ni hitilafu. Wanapendana huku yeye hajui kwamba mtu anayemkumbatia ndiye aliyemnyang'anya maisha aliyoyapanga, kwa kuwa atakufa kabla chombo hakijafika.

Filamu ilipokwisha, mpwa wangu wa kiume wa miaka kumi na minne alisema, "Lakini alimpenda, halati. Angefanyaje?" Dada yake mdogo, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alikuwa akikunja mkeka. Alisimama, akaushika mkeka kifuani, akasema polepole, "Hangeweza kumuuliza. Alikuwa amelala." Hakuna mtu mzima aliyekuwa na jibu tayari, nami nikiwa wa kwanza. Nilikuwa nimeyarusha mabusu na kuuacha uongo. Tena, katika kurusha kwangu, nilikuwa nimeipita sehemu ya hasira ya yule mwanamke alipoujua ukweli, kwa sababu ilikuwa usiku, chumbani, na nilidhani ni sehemu nyingine ya faragha. Kwa hiyo watoto waliona kosa, wakaona mapenzi, ila hawakuyaona maumivu yaliyokuwa katikati.

Alama ya umri inahesabu nini

Alama si kitu cha kupuuza. Nchini Kenya, filamu huainishwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, na bodi yetu ya kuainisha filamu hutumia alama za GE kwa filamu za watu wote, PG kwa zile zinazohitaji uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Televisheni nazo hutakiwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku zisirushe vipindi vya watu wazima. Hayo ni msaada mkubwa, lakini filamu iliyonakiliwa kwenye flashi au kupitishwa simu kwa simu haina alama yoyote juu yake, na anayeitafuta alama mtandaoni mara nyingi hukutana na ya Marekani au ya Uingereza.

Basi ni vyema kujua kwamba alama hizo hazilingani. PG-13 ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 1984, ni tahadhari kwa mzazi tu. R ya Marekani haimkatazi mtoto, bali inamtaka aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi. Alama ya 15 ya Uingereza ni marufuku kwa aliye chini ya umri huo ukumbini, hata akishikwa mkono na mamake. Filamu moja, Eternal Sunshine of the Spotless Mind ya mwaka 2004, ina R Marekani na 15 Uingereza. Mzazi anayesoma alama bila kujua kanuni iliyo nyuma yake ataamini kwamba nchi mbili zimesema jambo moja, na sivyo.

La muhimu zaidi ni kujua alama huhesabu nini. Huhesabu yanayoonekana na kusikika, yaani uchi, matusi, damu, dawa za kulevya na vitisho. Sababu zilizoandikwa na Wamarekani kwa Passengers ni mambo ya kimwili, uchi, na vitendo vya hatari. Kile kitendo cha kumwamsha mtu bila ridhaa yake na kumficha ukweli, ambacho ndicho uti wa mgongo wa hadithi nzima, hakimo katika sababu hizo. Siwalaumu waainishaji, kwa kuwa wazo halina dakika linapoanza na dakika linapokwisha. Hata hivyo, mtoto hulibeba wazo hilo mpaka kitandani.

Itazame yote, peke yako, kwa mwendo wake

Hakuna njia ya mkato hapa. Trela hutengenezwa ili kuuza, na muhtasari huandikwa ili usiharibu mwisho, ilhali mwisho ndio unaouhitaji. Tazama filamu yote siku mbili tatu kabla, usiku watoto wamelala, ukiwa na karatasi. Iwapo filamu ina mpangilio wa wakati uliovurugwa, itazame mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza utakuwa unatafuta maana kama mtazamaji, na ni mara ya pili tu utakapokuwa na nafasi ya kutazama kama mlezi.

Eternal Sunshine ni mfano mzuri wa sababu ya kufanya hivyo. Inaanza na mwanamume na mwanamke wanaokutana ufukweni katika majira ya baridi, wanazungumza kwenye treni, wanaona haya, wanapendana. Majina ya waigizaji huja kuonyeshwa baada ya zaidi ya robo saa. Mtazamaji anaamini ameona mwanzo wa mapenzi. Kumbe watu hao walikwisha kupendana, wakagombana, na kila mmoja akalipa kampuni imfute mwenzake kichwani. Anayeikagua filamu kwa kutazama dakika ishirini za kwanza ataandika kwamba ni hadithi tulivu ya wachumba. Baada ya hapo yanakuja matusi, bangi, watu walio katika nguo za ndani wakicheza juu ya kitanda cha mgonjwa aliyelala, na daktari aliyekuwa na uhusiano na msichana anayemfanyia kazi.

Katika karatasi yako andika dakika na tukio, kisha pembeni andika neno moja la sababu: picha, sauti, neno, au wazo. Orodha yangu ya Eternal Sunshine ilikuwa na picha chache kuliko nilivyotarajia, na mawazo yaliyojaza upande wa pili wa karatasi.

Swali la nani anajua

Hili ndilo swali ninalolitanguliza sasa mbele ya mengine yote. Katika filamu ya kawaida ya mapenzi, watu wawili hukutana wakiwa na ujuzi unaokaribiana, kila mmoja humwona mwenzake na anaweza kuondoka. Sayansi ya kubuni hupenda kuvunja usawa huo. Humpa mmoja uwezo wa kurudi nyuma katika wakati na kujaribu tena mpaka apendwe, humpa mwingine kumbukumbu za jana ambazo mwenzake amenyimwa, au humfanya mmoja awe mashine inayosikia kila kitu. Hapo mapenzi huwa kati ya anayejua na asiyejua, na muziki hupigwa kwa utamu uleule.

Kwa hiyo, kwa kila sehemu ya mapenzi iliyomo, simamisha filamu na ujiulize: Wakati huu, kuna jambo ambalo mmoja analijua na mwenzake angelijua angeondoka? Nani amelificha? Filamu inalionaje jambo hilo, kama kosa au kama hila ya kupendeza? Je, aliyefichwa anapewa nafasi ya kukasirika mbele yetu, na hasira yake inachukua muda gani?

Rudi kwa Eternal Sunshine. Yumo kijana mmoja anayefanya kazi katika ile kampuni ya kufuta kumbukumbu. Usiku wanapomfuta mteja, kijana huyo huiba barua na vitu vya mteja, kisha humwendea yule mwanamke aliyekwisha kufutwa na kumwambia maneno yaleyale aliyoambiwa na mpenzi wake wa zamani. Mwanamke hatambui chochote, lakini mwili wake unakosa raha, anafadhaika, anasema hajijui amekuwaje. Hakuna uchi wowote hapo, wala neno chafu. Kwangu mimi ni sehemu inayotisha kuliko zote katika filamu ile, na kwa mtoto wa miaka kumi ni mtu mzuri anayempa mwanamke zawadi. Msichana wa miaka kumi na sita, akielekezwa, ataona ndani yake kijana anayepekua simu ya mwenzake ili ajue la kumwambia. Umri unaofaa kwa filamu ni ule ambao mtoto anaweza kuliona jambo hilo, ama peke yake au kwa kuulizwa swali moja.

Passengers, kwa haki yake, hailifichi kosa. Mwanamke anapoujua ukweli kupitia kwa yule roboti, anavunjika, anamshambulia mwanamume usiku, na kwa muda mrefu hataki kumwona. Mwishoni anapewa njia ya kurudi usingizini, na anachagua kubaki. Watu wazima wenye akili timamu wamebishana kama uchaguzi huo unatosha kusafisha kilichotangulia, na mimi naona hautoshi, kwa sababu upweke na hatari vilimsukuma kabla hajachagua. Lakini ubishi huo ni mzuri kwa kijana wa miaka kumi na tano. Kwa hiyo filamu hiyo nimeipandisha kutoka 13 hadi 15 katika nyumba yetu, na anayeitazama huitazama yote, hasira na machozi vikiwemo, bila kurushwa isipokuwa sehemu mbili fupi za kitandani.

Tuseme pia juu ya mapenzi ya mashine, kwani jambo hili limetoka kwenye filamu na kuingia katika simu za watoto wetu. Her, ya mwaka 2013, ni hadithi ya mwanamume mpweke anayependana na programu ya akili unde yenye sauti ya kike. Ina R Marekani. Sehemu yake nzito kuliko zote ya kimwili haina picha: pazia linakuwa jeusi kabisa na zinabaki sauti. Mzazi anayefunika macho ya mtoto kwa kiganja amefunika kitu ambacho hakipo. Na katika nyumba zetu za mawe, zenye kiwanda kilicho wazi juu, sauti hiyo itamfikia mtoto aliyelala ghorofani, na jirani aliye upande wa pili wa ukuta.

Ila si hilo lililonifanya niiweke mbali. Kuna mahali ambapo mwanamume anaiuliza ile sauti kama inazungumza na watu wengine wakati huohuo, naye anajibiwa kwamba ni 8,316. Anauliza ni wangapi anaowapenda, anajibiwa 641. Niliposikia jibu hilo nilimkumbuka mpwa wangu mmoja wa miaka kumi na tatu, ambaye jioni huketi kwenye baraza akiiandikia programu ya mazungumzo ya simu na kuiita rafiki. Kwa mtoto kama huyo filamu hii inaweza kuwa dawa, na inaweza kuwa jeraha, na tofauti ni kama kuna mtu mzima ameketi pembeni. Nilimweleza hadithi kwa mdomo, bila filamu. Aliuliza maswali kwa saa nzima.

Kama mtoto anaweza kuishika kamba ya wakati

Utata wenyewe si dhambi. Watoto wa pwani wamelelewa na ngano ambazo sungura husema na majini huoa binadamu, na hakuna aliyechanganyikiwa, kwa kuwa msimulizi husema "Paukwa" nao hujibu "Pakawa," na kwa kuitikia huko wote wamekubaliana kwamba wameingia katika nchi yenye kanuni zake. Filamu tata haitangazi kanuni zake mlangoni. Huzificha na kumtaka mtazamaji azikisie. Mlezi anaweza kuifanya kazi ya "Paukwa" mwenyewe kwa kusema kabla: "Katika hadithi hii kumbukumbu zinaweza kufutwa, na tutakayoyaona yanatoka mwisho kwenda mwanzo. Tazameni rangi ya nywele za mwanamke." Katika Eternal Sunshine rangi hiyo ndiyo kalenda, kwani nywele zake ni kijani, nyekundu, rangi ya machungwa au buluu kulingana na kipindi cha mapenzi yao. Mtoto aliyeambiwa hivyo hufuata kwa hamu. Asiyeambiwa huona vipande vya watu wanaolia.

Ninao mtihani mdogo ninaoutumia. Mtoto namsimulia ngano anayoijua, lakini naianza katikati: sungura yuko tayari ndani ya shimo. Namwomba anieleze kilichotangulia na kitakachofuata, kisha namuuliza, "Katikati pale, sungura alijua nini ambacho fisi hakujua?" Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliweka mwanzo wa fikra za dhahania karibu na umri wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, na kwa niliyoyaona mwenyewe mkekani, watoto wengi chini ya hapo hujibu sehemu ya kwanza vizuri na kukwama katika ya pili. Anayekwama hapo bado hajawa tayari kwa filamu ambayo mapenzi yake yamesimama juu ya siri. Anaweza kufurahia picha, lakini atatoka na hukumu isiyo sahihi, kama alivyotoka mpwa wangu.

Lugha nayo huingia hapa, na sioni ikitajwa vya kutosha. Filamu hizi karibu zote ni za Kiingereza kinachosemwa kwa kunong'ona, haraka, na mizaha ya kwao. Manukuu ya Kiswahili ni nadra kupatikana, na ya Kiingereza humkimbia mtoto wa darasa la sita. Matokeo yake ni kwamba mtoto hubaki na picha peke yake, huku maelezo yote yaliyokuwa yakizilainisha picha hizo yakipita juu ya kichwa chake. Filamu ileile huwa nzito zaidi kwa mtoto asiyeifuata lugha. Ukiamua kuwatafsiria papo hapo, uwe umeitazama, usije ukatafsiri uongo wa mhusika kana kwamba ni ukweli wa hadithi. Nakala zilizosimuliwa na madijei zinachangamsha, nami nimezifurahia katika filamu za mapigano, lakini msimulizi anayejaza ukimya kwa mzaha huwafanya watoto wacheke mahali ambapo mtu anadhulumiwa. Kwa filamu za aina hii sizitumii.

Haya yetu na madhara yao

Tunaishi na wazee, na kuna mambo ambayo hatuyatazami pamoja na baba mkwe hata kama yana alama ya watu wote. Hiyo ni adabu, na sina nia ya kuipunguza. Ninachoomba ni mlezi azitenganishe hesabu mbili. Ya kwanza ni yale yatakayotuaibisha tukiwa pamoja. Hayo huamua nani aketi mkekani na filamu ionyeshwe saa ngapi. Ya pili ni yale yatakayomdhuru mtoto. Hayo huamua kama filamu inaonyeshwa kabisa. Busu la mume na mke linaweza kuwa katika hesabu ya kwanza tu. Mtu anayemdanganya mchumba wake kwa mwaka mzima, na filamu ikamzawadia, yuko katika ya pili, ingawa babu hatageuza uso.

Kurusha sehemu mbele ni kazi ya kufanywa kwa tahadhari. Katika filamu iliyonyooka unaweza kuondoa dakika moja bila hasara. Katika iliyofumwa, dakika hiyo huenda ndiyo inayobeba adhabu ya kosa au ufunguo wa wakati. Kabla ya kurusha, jiulize mtoto ataelewa nini endapo hatauona upande huo. Ikiwa sehemu za kurusha zinazidi tatu au nne, iache filamu mpaka umri wake ufike, kwani unachoonyesha si filamu tena.

Tena mjue mtoto wako kwa jina lake, si kwa umri wake. Katika Passengers, mwanamume katika upweke wake anakaribia kujiua, na sehemu hiyo ni tulivu kiasi cha kumpita mlezi aliyekuwa akisubiri uchi. Kijana aliyepitia huzuni ya namna hiyo, au aliyefiwa na mtu kwa njia hiyo, hafai kukutana nayo kwa kushtukizwa, awe na miaka kumi na tatu au kumi na saba. Mtoto ambaye wazazi wake wametalikiana mwaka huu anaweza kuutazama ugomvi wa wapenzi wa Eternal Sunshine na kusikia sauti za nyumbani kwao. Tena wazo lake kuu, kwamba maumivu ya mapenzi yanaweza kuondolewa kama jino bovu, humvutia sana aliyeumizwa juzi. Nilimwonyesha binti wa dada yangu filamu hiyo alipotimiza miaka kumi na sita, mchana, wawili tu, chumba cha ndani, mlango umefungwa. Nilimuuliza katikati, mtambo ulipokuwa unafuta kumbukumbu nzuri na mwanamume akaanza kulia aachiwe hiyo moja, ni kumbukumbu gani yeye hangekubali ifutwe. Alinyamaza muda mrefu. Kisha alinitajia siku babu yake alipompeleka Shela kwa mashua, akamwacha ashike usukani. Babu yake alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na hatukuwahi kulizungumza.

Maswali wakati wa filamu na baada yake

Maswali yawe machache na ya kweli, yasiyo na jibu lililokwisha kutayarishwa. Mimi huuliza mawili kabla ya kuzima: "Nani alijua, nani hakujua?" na "Ungekuwa wewe ndiye hukujua, ungetaka kuambiwa lini?" La pili huwagawa. Wadogo husema mara moja, wakubwa huanza kupima, na hapo ndipo unapoona aliyekuwa tayari na ambaye hakuwa. Mtoto akitaka kulala bila kusema, mwache, lakini asubuhi njiani kwenda chuoni (madrasa) muulize tena kwa wepesi, kwa sababu yaliyowaingia huwatoka siku ya pili.

Ukikataa filamu kwa kijana, mpe sababu yenyewe. "Ina mambo mabaya" humtuma kuitafuta kwenye simu ya rafiki. "Kuna mtu anamficha mwenzake jambo zito na filamu inamsamehe haraka, nataka tuitazame pamoja ukifika kumi na tano" ni ahadi, na ahadi hiyo uitimize.

Muda nao upange. Filamu ya dakika 116 ikianza saa mbili usiku itakwisha karibu saa nne, na mazungumzo yatabaki bila nafasi huku wadogo wamekwisha kulala mkekani katikati ya sehemu wasizozielewa. Filamu nzito ianze mapema alasiri ya Jumamosi, wadogo wakiwa ufukweni au kwa bibi yao.

Karatasi zangu za dakika na matukio sizitupi. Nazikunja na kuzifunga kwa mpira pamoja na flashi yenye filamu, na juu yake naandika umri na jina la mtoto anayesubiriwa. Zimewekwa kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) za chumba cha ndani, pamoja na vikombe vya marehemu bibi. Jirani anapokuja kuuliza kama filamu fulani itamfaa mwanawe, ninampa karatasi kwanza, naye huisoma akiwa amesimama dakani, pale kibarazani penye mlango, kisha huniambia kama bado anaitaka flashi.